Usiibebe Namba ya Dar Hadi Makete

Hotuba hii niliitoa kwa wahitimu wa uuguzi na ukunga hapa Dar es Salaam. Waliokuwa zamu siku ile wameiomba, basi hii hapa yote, isipokuwa picha za ukutani.

Ndugu mgeni rasmi, walimu wenzangu, wazazi na walezi mliokuja na maua na vigelegele, nanyi wahitimu wenyewe: wanaostahili shikamoo, shikamooni, wengine, habari za asubuhi.

Nimepewa dakika ishirini, na mada nimeichagua mwenyewe: kiwango cha oksijeni kwenye damu ya mtoto mchanga asiye na ugonjwa wowote, na namna mwinuko wa mahali alipozaliwa unavyokibadili. Naona mmeanza kutazamana. Mtasema, daktari, hapa kwetu mwinuko ni ghorofa za Posta tu. Sawa. Lakini ni wangapi kati yenu watabaki Dar? Majina ya ajira yakitoka, kuna atakayepangiwa Makete, kuna wa Mbulu, wa Lushoto, wa Sumbawanga, kote huko nyanda za juu. Atapanda basi na begi lake na sweta aliyoazimwa na shangazi, na kichwani atakuwa amebeba namba ya Dar.

Namba ya Dar ni ipi? Mmeiona wodini kila siku. Mtoto ana siku moja, amenyonya, amelala. Unamfunga mguuni oksimita, ile mashine ya kupima oksijeni ya damu, inasoma 98 kwa mia. Ikisoma 97 hushtuki. Ikisoma 93 unamwita mtu. Sasa nawauliza: yule wa Makete akimpima mtoto wa siku moja, ulimi mwekundu, ananyonya kwa nguvu, mashine ikasoma 93, amwite nani? Na mashine ikisoma 84, mwenyeji wake akamwambia, "Usihangaike mdogo wangu, huku juu ndivyo walivyo," akubali?

Nimekuja kwa ajili ya maswali hayo mawili. La kwanza watu wanalikosea kwa hofu, la pili wanalikosea kwa uzoefu. Mimi naogopa zaidi la pili.

Tuanze na hewa yenyewe. Tarehe 15 Aprili 1875, Wafaransa watatu walipaa kwa puto lililoitwa Zenith: Gaston Tissandier, Joseph Crocé-Spinelli na Théodore Sivel. Walitaka kufika juu kuliko mita 8,000, na walifika. Walikuwa na mifuko ya hewa iliyoongezwa oksijeni, na mpango ulikuwa kuitumia watakapojisikia vibaya. Mnajua kilichotokea? Hawakujisikia vibaya. Tissandier alieleza baadaye kwamba alisikia furaha moyoni, halafu mikono ikakataa kunyanyuka, halafu akazimia. Alipozinduka, puto likiwa linashuka, wenzake wawili walikuwa wamekufa na mifuko ikiwa na hewa yake.

Mwanasayansi aliyewaandaa alikuwa Paul Bert, na miaka mitatu baadaye, 1878, alichapisha kazi kubwa iliyoeleza kilichowaua. Hewa ya huko juu haina upungufu wa oksijeni kwa mafungu. Hewa ya Kariakoo ina oksijeni asilimia 21. Ya Makete, asilimia 21. Ya kilele cha Kibo, mita 5,895, asilimia 21 ileile. Kinachopungua ni kanieneo, ile nguvu inayoisukuma oksijeni itoke kwenye hewa iingie kwenye damu. Hapa pwani kanieneo ya hewa ni milimita 760 za zebaki. Njombe, karibu mita 2,000 juu ya bahari, ni kama 600. Ukifika mita 5,500 imebaki nusu. Hewa hiyo inapopita puani inachanganyika na mvuke wa maji, kwa hiyo oksijeni inayofika kwa mtoto wa Dar inasukumwa kwa milimita 150 hivi, na kwa mtoto wa Njombe karibu 115.

Hapo mwanafunzi makini ananiuliza: daktari, kutoka 150 mpaka 115 ni karibu robo imepotea, mbona mtoto wa Njombe hasomi 75? Swali zuri sana. Hemoglobini, ile inayobeba oksijeni ndani ya damu, ni daladala yenye viti vinne. Saa moja asubuhi pale Mbagala Rangi Tatu, kituoni wakisubiri watu mia au wakisubiri sabini, daladala itaondoka imejaa vilevile. Viti vinaanza kubaki wazi pale abiria wanapokuwa wachache kweli. Ndiyo maana ukipanda mlima, mwanzoni namba inashuka kidogo mno, moja, mbili, tatu. Ukiendelea kupanda inafika mahali inaporomoka. Na mtoto mchanga amezaliwa na konda mkali kuliko wetu: hemoglobini yake ya tumboni inanyakua abiria hata kwenye kituo kisicho na watu. Ubaya wake ni mmoja, konda huyo ni mzito kuwashusha abiria wanapofika. Kwa hiyo damu ya kichanga inaweza kusoma vizuri na bado viungo vikapewa kwa mkono wa birika.

Kabla sijaondoka kwenye puto, lishikeni hili. Upungufu wa oksijeni haupigi hodi. Kama watu wazima watatu, wasomi, waliokwenda kuutafuta makusudi, haukuwapa taarifa, kichanga atakwambia nini? Na macho yetu ni shahidi dhaifu. Midomo na ulimi vinaanza kuonekana vya bluu oksijeni ikiwa imeshashuka sana, karibu na 80, na kwenye ngozi nyeusi ni vigumu zaidi. Atakayekwambia anatambua kwa kutazama tu, mheshimu kwa umri wake, kisha ufunge oksimita.

Sasa tumtazame mtoto mwenyewe. Je, yeye ni mgeni wa mwinuko? Hata kidogo. Mwingereza Joseph Barcroft alipanda milima ya Peru hadi Cerro de Pasco, zaidi ya mita 4,300, mwanzoni mwa miaka ya 1920, kupima damu ya watu wanaoishi huko. Uzeeni alihamia kwenye damu ya watoto walio tumboni, akakuta jambo lililomfanya aseme mtoto anaishi Everest ndani ya mfuko wa uzazi. Damu bora kabisa anayoipata, ile inayotoka kwenye kondo la nyuma, ina oksijeni yenye kanieneo ya karibu 30. Mwaka 2007 madaktari wanne waliokuwa wakishuka kutoka kilele cha Everest walichomwa sindano kwenye mshipa wa ateri wakiwa mita 8,400, na wastani wao ulikuwa 24.6. Tofauti ni ndogo kiasi gani? Mtu mzima wa kawaida akipelekwa ghafla pale anapoteza fahamu. Mtoto tumboni anakunja ngumi na kucheza.

Kwa hiyo kuzaliwa ni kushuka mlima. Dakika ya kwanza, mtoto mzima aliyezaliwa mahali pa chini, mkono wake wa kulia unasoma 60 hadi 65. Dakika ya tatu, 70 hadi 75. Dakika ya tano, 80 hadi 85. Dakika ya kumi ndipo 85 hadi 95. Nimeona leba watu wakimkimbiza mtoto anayelia kwa sauti, wanataka kumpa oksijeni kwa sababu dakika ya pili mashine inasoma 68. Sitaji ni wapi. Mtoto analia! Anawaambia mapafu yamefunguka, ninyi mnabishana na skrini. Na asiyelia wala kupumua hahitaji oksimita, anahitaji ambu, ule mfuko wa kumpulizia hewa, ndani ya ile dakika ya dhahabu, yaani ya kwanza. Hilo mmelifanyia mazoezi mpaka mikono imeota sugu, siliongezi.

Watafiti wa Peru waliwapima watoto waliozaliwa Cerro de Pasco, mji uleule wa Barcroft, wakawalinganisha na wa Lima, karibu na usawa wa bahari. Toka dakika ya kwanza hadi saa ya 24, wa mlimani walikuwa chini ya wa pwani. Walipanda, lakini kwa ngazi ya chini zaidi. Sababu mojawapo mnaijua kutoka darasani: mishipa ya mapafu ikikosa oksijeni hujibana. Pwani mtoto akivuta pumzi za kwanza mishipa hiyo inalegea, damu inamiminika mapafuni, na ule mfereji wa zamani kati ya mishipa mikubwa ya moyo unaanza kufunga ndani ya siku moja au zaidi kidogo. Juu sana, mishipa inalegea kwa kusuasua na mfereji unachelewa kufunga.

Je, kuna mahali pa juu kiasi kwamba mtoto hawezi kuishi? Potosí, mji wa migodi ya fedha uliopo Bolivia ya leo, karibu mita 4,000, Wahispania waliuanzisha mwaka 1545. Waandishi wao wa zamani walisimulia kwamba watoto wa Kihispania waliozaliwa pale walikufa, na ikapita miaka 53 kabla wa kwanza hajazaliwa na kukua. Wake zao walishuka mabondeni kujifungua. Wakati huohuo wanawake wenyeji walizaa na kulea palepale mjini, mbele ya macho yao. Fikirini hilo kidogo. Mlima uleule, baridi ileile, na matokeo mawili.

Mwaka 1995 ulichapishwa utafiti uliofanyika Lhasa, Tibet, mita 3,658. Walifuatilia watoto wa Kitibeti, ambao mababu zao wameishi juu kwa maelfu ya miaka, na watoto wa Kichina wa Han ambao wazazi wao wametoka nchi za chini. Siku ya pili baada ya kuzaliwa, wakiwa macho, watoto wa Kitibeti walikuwa na wastani wa 94 na wa Han 92. Tofauti ya namba mbili! Mngekuwa pale mngeruhusu wote waende nyumbani, au siyo? Miezi minne baadaye, wakiwa usingizini, wa Kitibeti walikuwa na 86. Wa Han walikuwa na 76. Sabini na sita, wamelala kitandani kwao, na mama amekaa pembeni anamtazama mwanawe alivyotulia.

Kwa nini siku ya pili ilidanganya? Sehemu ya jibu ni yule konda mkali. Siku za mwanzo mtoto bado ana hemoglobini nyingi ya tumboni, inayonyakua oksijeni hata ikiwa haba. Kadiri wiki zinavyokwenda anabadilishiwa ya watu wazima. Na usingizini kichanga hupumua kwa vipindi, anavuta, anasimama kidogo, anavuta tena. Pwani hiyo haimdhuru, huko juu kila kusimama kunakula akiba. Kwa hiyo mtakaofanya kazi juu, kliniki ya wiki ya sita isiwe ya mizani na chanjo peke yake. Ulizeni analala vipi, anatoka jasho akinyonya, anaongezeka? Na kama oksimita ipo, mpimeni akiwa amelala.

Lakini, na hapa naomba masikio yenu yote: Makete si Lhasa. Wala Mbulu si Potosí. Vituo vyetu vya juu, karibu vyote, viko chini ya mita 2,500. Mapitio ya tafiti za watoto wazima wa miinuko mbalimbali, yaliyochapishwa mwaka 2009, yalionyesha kwamba hata kwenye mita 2,500 ni watoto wachache tu, wawili au watatu kwa mia, wanaosoma chini ya 90 bila ugonjwa. Shirika la Afya Duniani kwa watoto wagonjwa linasema mpe oksijeni akiwa chini ya 90, na ni juu ya mita 2,500 ndipo mpaka unashushwa kuwa 87. Mnaelewa maana yake kwetu? Ile 90 mliyofundishwa Dar inapanda basi pamoja nanyi. Njiti wana kanuni zao, leo siwagusi.

Namba isiyopanda basi ni nyingine: 95. Hiyo ni ya kutafuta magonjwa makubwa ya moyo, utaratibu ambao Marekani waliuingiza kwenye orodha yao ya uchunguzi wa watoto wachanga mwaka 2011. Mtoto akitimiza saa 24 unapima mkono wa kulia na mguu mmoja. Akifika 95 au zaidi na tofauti haizidi 3, amepita. Utaratibu huo ulijengwa kwa watoto wa nchi za chini. Denver, mita 1,610, watafiti walikuwa wameshakuta miaka ya 1990 mwanzoni kwamba watoto wachanga wazima wa pale wana wastani wa 92 hadi 93. Wastani! Maana yake kuna wengi wazima walio chini ya hapo. Ukiisimamisha 95 mlangoni Mbeya, mita 1,700, kama kizuizi kisichojadiliwa, utajaza gari la wagonjwa watoto wasioumwa, na mama zao watauza mbuzi kulipia safari.

Basi swali la kwanza tumelijibu. Mtoto wa 93 Makete, ananyonya, anapumua taratibu, mkono na mguu vinakubaliana: umtulize, umpashe mguu joto, urudie baada ya saa moja, uandike. Huna haja ya kumwita mtu usiku.

La pili, la 84, nitalijibu kwa kisa. Mkunga mmoja niliyemfundisha, jina nitalihifadhi, alipangiwa kituo cha nyanda za juu. Wiki za mwanzo akampima mtoto wa siku mbili. Mkono wa kulia 92, mguu 84. Wenzake, watu wazuri, waliomzidi miaka kazini, wakamwambia huku ni juu, zoea. Akarudia. Akabadilisha mguu. Akampakata mtoto ngozi kwa ngozi na mama yake mpaka vidole vikapata joto, akarudia tena. Ikabaki vilevile. Akanipigia simu, nikamuuliza swali moja tu: mlima unapunguza oksijeni ya mguu ukaacha ya mkono? Akacheka. Alikuwa ameshaandika barua ya rufaa, alitaka tu mtu wa kumuunga mkono. Kipimo cha moyo kikaonyesha mshipa mkuu unaotoka kwenye moyo umebanwa.

Mlima unashusha mkono na mguu pamoja. Mlima haumfanyi mtoto apumue mara 70 kwa dakika. Mlima haumchoshi mtoto katikati ya kunyonya. Mlima haumfanyi akorome na kubonyea mbavu. Ukiona hayo, ondoa mlima kwenye maelezo yako, uanze upya kama daktari wa pwani asiyejua kitu kinachoitwa mwinuko. Na chini ya 90 huhitaji dalili ya pili: mpe oksijeni kwanza, mjadala baadaye.

Nizungumzie mashine kidogo, maana ninyi mtaishi nayo. Mjapani Takuo Aoyagi ndiye aliyebuni njia hii miaka ya 1970: mwanga mwekundu na mwanga usioonekana vinapita kwenye nyama, mashine inalinganisha. Inafuata mapigo. Mguu wa baridi hauna mapigo ya kutosha, na nyanda za juu miguu ya vichanga ni ya baridi. Nusu ya namba za kutisha mtakazoziona zitatibiwa na soksi. Jua la dirishani likipiga kwenye kihisio nalo linaiharibu, lifunike kwa kanga. Halafu ngozi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020, kwa watu wazima, ulionyesha kuwa oksimita huwasomea wagonjwa weusi juu kuliko hali halisi mara nyingi zaidi kuliko weupe. Sisi hapa wote tuko upande mmoja wa utafiti huo. Kwa hiyo namba ya mpakani, 90 au 91, kwenye mtoto ambaye hupendi anavyoonekana, msiipe faida ya shaka.

Na kuna jiko la mkaa. Wenyeji wa Njombe na Makete mliopo humu mnajua Julai ilivyo kule. Mama amejifungua, nyumba imefungwa kila tundu, jiko liko katikati ya chumba linapasha kichanga joto. Ile hewa ya sumu ya mkaa inakaa kwenye viti vya hemoglobini na kugoma kushuka, na oksimita haiwezi kuitofautisha na oksijeni. Itasoma 98 kwa mtoto anayekufa. Hiyo ndiyo namba nzuri pekee ninayotaka iwatishe. Muulizeni kila mama kabla hajaondoka wodini: utampashaje mtoto joto nyumbani? Akisema jiko, kaeni naye chini, mfundisheni kumbeba kifuani ngozi kwa ngozi, na baba pia anaweza, kifua anacho.

Mkifika vituoni, ulizeni kimo cha mahali. Simu zenu zinaweza kuwaambia. Kisha anzeni daftari. Kila mtoto mzima aliyetimiza saa 24, ametulia: mkono, mguu, macho au usingizi, uzito. Uzito nao andikeni, kwa sababu kila mita 1,000 za kupanda hupunguza wastani wa gramu 100 hivi kwenye uzito wa kuzaliwa. Baada ya miezi kadhaa mtakuwa na namba ya kituo chenu wenyewe, na mgeni atakayekuja baada yenu atakuta kitu cha kusoma badala ya kuambiwa "zoea".

Nimeletewa kikaratasi hapa. Mzazi mmoja anauliza: binti yangu amejifungua Dar wiki iliyopita, anataka kumpeleka mtoto kwa bibi yake Makete, anaruhusiwa? Mama, kama mtoto alitimiza miezi yake, ananyonya, hakuwahi kuhitaji oksijeni na moyo hauna shida, mita 2,000 na kitu hazitamdhuru. Ningependa asubiri wiki sita zipite, zaidi kwa sababu ya baridi na safari ndefu ya basi. Akienda kwa ndege hadi Songwe, ajue kwamba ndani ya ndege kanieneo inaweza kushuka mpaka kama ya mita 2,400, kwa hiyo mlima anaanza kuupanda angani. Alikuwa njiti, au alikaa kwenye oksijeni, au kuna aliyesikia mlio moyoni? Apimwe kwanza kabla ya tiketi kukatwa. Na bibi aambiwe habari za jiko.

Mshereheshaji ananionyesha saa, na harufu ya pilau imeshafika hapa mbele. Hongereni sana. Karibuni kazini.